Kama Huwezi Kukitengenezea Spea, Hicho Kitu Umepanga Tu

Wasee, leo nakuja na ubaya kidogo. Ile pad ya gemu uko nayo kwa keja, ile blenda mathee alinunua na pesa ya chama, ile simu unasomea hii post: si zenu. Mmepanga. Siku kaspea kadogo ka shilingi mia kataisha ndani yake na mkose pa kukapata, landlord atawatoa. Mtabeba maiti ya plastiki mpaka kwa pipa, halafu mtaenda kupanga ingine.

Mwenye kitu ni yule anaweza kukitengenezea spea, ama anajua mtu anaweza. Wengine wote ni wapangaji wenye risiti.

Najua inauma. Hata mimi iliniuma, juu nilijifunza kwa njia mbaya.

Binamu yangu ana base ya gemu Eastlands. Screen tatu, console tatu, na nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, meza ya foosball. Ile ya wachezaji wa plastiki waliodungwa kwenye vyuma, unazungusha mkono mpaka bega linauma. Mechi ni mbao. Hiyo meza ndiyo ilikuwa inalipa stima, juu haitumii stima. Stima ikipotea mtaa mzima, screen zinazima, meza inaendelea kuchezwa na tochi za simu.

Sasa, foosball ina vyuma 8. Kila chuma kinapita kwenye tundu mbili, moja kila upande wa meza, na kwa kila tundu kuna bushi, kaduara ka plastiki kanakozuia chuma kisisagane na mbao. Hesabu: bushi 16. Hizo ndizo zinakula kazi yote. Watu wakizungusha kwa hasira miaka mitatu, bushi inaliwa, tundu linakuwa kama yai, chuma kinaanza kucheza juu chini, na mchezaji wako anapiga mpira kando hata kama umelenga vizuri. Watu wakaanza kubishana ati upande wa choo unashindwa kila siku. Si uchawi. Ni bushi.

Binamu akarudi kwa aliyemuuzia. Akaambiwa: spea hatuna, nunua meza mpya, 70,000. Wengine wakamwambia atoe meza, aweke screen ya nne. Fundi mmoja wa mtaa akaja akafunga vipande vya mpira wa tairi kwa kila tundu, vikakaa siku nne.

Mimi ndiye nilitumwa Kariobangi Light Industries. Kuna mzee alikuwa huko na mashine ya kukereza, lathe, kubwa kama jeneza na nzee kuniliko mara mbili. Nikamsalimia, nikatoa bushi moja kwa mfuko, nikamwambia nimeipima, tundu ni milimita 17. Akaniuliza nimepima na nini. Nikasema rula. Akacheka mpaka akakohoa.

“Kijana, rula ni ya shule.”

Akatoa vernia. Akapima kile chuma nilibeba: 15.9. Akapima tundu la bushi mahali tano tofauti, na kila mahali nambari ilikuwa tofauti. Halafu akaniambia kitu sijawahi kusahau: ukipima pale pameliwa, utatengeneza spea mpya ambayo imeisha tayari. Akaigeuza, akatafuta kale kaukingo ka nje ambako chuma hakijawahi kugusa, akapima hapo. Hicho ndicho kipimo cha ukweli. Akakereza moja tu kutoka kwa fimbo ya naironi, akaacha nafasi ndogo kama unywele, juu naironi hunyonya unyevu na kuvimba, na ikivimba bila nafasi, chuma kitakwama. Akanipa hiyo moja. Enda jaribu wiki moja, akasema, ikikubali nitafanya hizo 15.

Ilikwama kidogo. Nikarudi, akatoa unywele mwingine. Ikakubali. Bushi 16 kwa 120 kila moja, 1,920. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa, hiyo meza inachezwa kila siku, na upande wa choo unashinda kama wengine.

70,000 ama 1,920. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mpangaji na mwenye nyumba.

Hiyo story ndiyo ilinitupa kwa YouTube usiku, natafuta bushi zinavyotengenezwa, na nikajikuta kwa watu wa pinball. Kama hujawahi kuiona: ni meza iliyoinama kidogo, kama digrii 6.5, iko chini ya kioo. Mpira wa chuma wa gramu 80 unateremka ukigonga taa na vizuizi, na wewe una mikono miwili tu ya kuurudisha juu, inaitwa flipa. Unabonyeza kitufe kando, flipa inapiga. Nyumbani kwa pinball ni Chicago. Mashine ya kwanza yenye flipa za umeme, Humpty Dumpty, ilitolewa huko na kampuni ya Gottlieb mwaka 1947.

Hizi mashine zilichukiwa. New York zilipigwa marufuku 1942 ati ni kamari, na meya Fiorello La Guardia alipigwa picha akizivunja kwa nyundo. Marufuku iliondolewa 1976, baada ya jamaa anaitwa Roger Sharpe kuletwa mbele ya madiwani, akataja mpira atapeleka wapi, na akaupeleka hapo hapo. Halafu zikapendwa. The Addams Family ya 1992 iliuzwa zaidi ya 20,000. Halafu tena zikakufa: Gottlieb ikafunga 1996, na Williams, iliyokuwa kubwa kuliko wote, ikaacha pinball 1999.

Sasa fikiria vizuri. Kampuni imefunga. Hakuna dirisha la spea. Hakuna warranty. Na hii si kitu kinakaa kwa kabati, ni kitu kinapigwa kila dakika.

Fungua chini ya flipa uone. Kuna koili, waya mwembamba umezungushwa mara nyingi. Ndani ya koili kuna mrija wa naironi, na ndani ya mrija kuna chuma kinachovutwa ukibonyeza kitufe. Kile chuma kinasugua mrija kila pigo, na mwisho wa safari kinagonga kizuizi cha chuma. Pigo elfu, pigo laki. Mrija unaliwa. Ncha ya chuma inapondeka inapanuka kama kichwa cha uyoga, inaanza kukwama ndani ya mrija. Kuna pia swichi ndogo ya kuambia koili “umefika, punguza nguvu”. Ikichakaa isifunguke, umeme wote unaendelea kupita na koili inaungua. Flipa ikilegea, mchezo umekufa. Taa zinaweza kuwaka zote lakini hakuna mtu ataweka sarafu.

Umeona? Mrija wa naironi na chuma ndani yake. Ni bushi ya binamu yangu, ikiwa na umeme.

Na bado leo kuna mashine za miaka ya sabini zinapiga kama mpya. Kwa nini? Juu watu walikataa kupanga. Walifungua, wakapima, wakachora, wakatengeneza mirija, vizuizi, mikono ya flipa, mipira ya kufunga nguzo, hadi bodi za umeme. Wengine walianza kwa gereji nyumbani na mashine moja ya kukereza, na siku hizi wengine wanachapisha vipande kwa printa ya 3D. Na kitu cha muhimu kuliko zote: waliandika. Kipimo cha kila kitu kiko mahali mtu mwingine anaweza kukipata. Fundi akifa, mrija haufi.

Hapo ndipo nilikasirika. Sikuwakasirikia wao, nilitukasirikia sisi.

Juu sisi tuna mikono. Enda Kamukunji usikie zile nyundo. Jiko, sufuria, masanduku ya shule, chuma cha kuchomea mahindi, vyote vinatoka kwa bati na nguvu za mtu aliye juani. Tuna watu wa kukereza, wa kuchomelea, wa kumimina alumini. Nchi yenye mafundi wengi hivi haifai kutupa meza kwa sababu ya kaduara ka plastiki. Lakini tunatupa. Dandora ilitangazwa imejaa 2001, na sisi bado tunapeleka.

Na tunatupa kwa sababu tumefundishwa kudharau. Ukisema unasomea uhandisi wa programu, shangazi anakuongezea chapati. Ukisema uko polytechnic unasomea kukereza vyuma, watu wanasema pole. Pole ya nini? Yule msee wa programu lathe yake ikiharibika, ama printa yake, ama jenereta ya ofisi, nani atamwokoa? Tuna maelfu ya vijana wanaweza kukuuzia simu, kukukopesha simu, kukupigia picha ya simu. Wanaoweza kutengeneza skrubu moja ya hiyo simu ni wangapi?

Najua mtaniambia nini. Wacha niwajibu kabla hamjaanza.

“Ni rahisi kununua mpya.” Kwa binamu yangu nilikuwa na ndoo ya pad 17 zilizokufa. Kila moja ilikuwa imenunuliwa 1,500, hizo za kawaida. Nikazifungua moja moja. 9 zilikuwa na ule ugonjwa wa stick kutembea yenyewe. 3 tundu la chaji limelegea. 2 betri. 2 spring ya kitufe cha nyuma imekatika. 1 ilimwagiwa chai, hiyo tuliizika. Ndoo nzima ni 25,500 ya mtu anayelipisha mbao. Niliokoa 11. Zile spring 2 nilitengeneza mwenyewe: mara ya kwanza na waya wa kufungia vyuma vya mjengo, ikapinda ikakaa hivyo hivyo, juu huo waya ni laini, haurudi. Mara ya pili nikatumia waya wa gita uliokatika, nikauzungusha kwenye msumari. Zimesimama mpaka leo. Waya ulikuwa wa bure.

Na juu ya hizo stick, mjue mnachezwa. Chini ya stick nyingi kuna njia nyembamba ya kaboni na kaburashi ka chuma kanakotembea juu yake. Vitu viwili vinavyosuguana vitaliwa, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Kuna njia ingine, ya sumaku, ambayo hakuna kitu kinagusa kingine. Kontrola ya Sega Dreamcast ilikuwa nayo 1998. 1998! Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Kwa hivyo msiniambie hawakujua. Inalipa zaidi wewe urudi dukani.

“Spea ya jua kali ni feki.” Hapa nitawapa nusu ya haki. Kuna mafundi wetu wanafanya kazi ya bora iingie. Yule wa vipande vya tairi hakupima kitu. Na kuna vitu sitaki mtu ajaribu kwa keja: breki za matatu, vali ya mtungi wa gesi, chochote kikikataa mtu anakufa. Hizo achia watu wenye vipimo na leseni. Lakini feki si pale kitu kimetengenezwa, ni vile kimetengenezwa. Mzee wa Kariobangi alifanya bushi nzuri kuliko ile ya kiwanda, juu alipima mara tano na akanituma kujaribu moja kwanza. Tatizo la jua kali yetu si jua, ni kukosa vernia na daftari.

“Mimi si fundi.” Sawa. Hata mimi. Lakini unaweza kuwa mtu anayelipa fundi bila kumwangusha bei mpaka atumie plastiki mbovu. Unaweza kuuliza swali moja kabla ya kununua: spea zake zinapatikana wapi? Muuzaji akikuangalia kama umemtukana, ondoka. Kule Marekani watu waliuliza hilo swali mpaka likawa sheria: jimbo la Oregon lilipitisha sheria 2024 inayozuia kampuni kufungia spea kwa programu ndio fundi wa nje asiweze kuiweka. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayosema mwenye kuleta bidhaa sokoni abebe mzigo wake hadi inapokuwa taka. Vizuri. Lakini mbona tungoje iwe taka? Aliyeleta meza ya 70,000 na hakuleta bushi 16, huyo ameleta taka tayari, imekawia tu kufika pipani.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike hii leo na si mwezi ujao.

Wiki mbili zimepita nilirudi Kariobangi. Nilikuwa na mpango. Nilitaka kumrekodi yule mzee akifanya kazi siku nzima, aeleze anavyochagua kisu cha kukereza, anavyojua kwa sauti tu kwamba chuma kimepata moto kupita kiasi. Mara ya kwanza nilikuwa nimemchukua video ya dakika 4 tu, na nusu yake ni mimi nikicheka. Aliwahi kuniambia vipimo vyote viko kwa kichwa: gia za mashine za kusaga unga, puli za cherehani, bushi za mikokoteni. Nikamuuliza kama kuna mtu anamfundisha. Akasema kijana wake alikataa, anaendesha boda, inaleta pesa ya leo. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilipofika, banda lilikuwa na pikipiki za kuoshwa. Macho yalimzidi, wakaniambia, akarudi ushago. Nikauliza mashine je. Jamaa akaonyesha upande wa barabara, kwa wale wa mizani.

Iliuzwa kwa kilo.

Ile lathe, iliyoweka mtaa mzima ukisaga unga na kushona nguo miaka yote hiyo, iliuzwa kwa kilo kama mabati ya zamani. Labda saa hii imeyeyushwa ni nondo za ghorofa fulani. Na kila kipimo kilichokuwa kwa kichwa chake kiko kijijini, kinaota jua, hakuna mtu anauliza.

Chicago kiwanda kizima kilifunga na mashine zikaendelea kuishi. Hapa kwetu mzee mmoja amepoteza macho na vitu vya mtaa mzima vimekuwa mayatima. Tofauti si akili, na si pesa sana. Kule watu wa kawaida, wapenda gemu kama wewe na mimi, walikaa chini wakaandika. Sisi tulikuwa tunacheka na rula.

Kwa hivyo sitaki mniambie “umeongea ukweli bro” halafu mscroll. Nataka kitu kidogo, wikendi hii.

Moja, tafuta kitu kimoja kilichokufa kwenu, kile kimefichwa juu ya kabati. Kifungue. Si lazima kipone. Tafuta tu ni kipande gani kiliisha, na kwa nini kiliisha: kilisuguana, kilichomeka, ama kilipinda.

Mbili, kipime pale hakijaliwa. Azima vernia, nunua ya bei ya chini, chanjeni watu watatu mnunue moja. Chora kwa karatasi, hata kama mchoro wako ni mbaya. Andika kipimo, andika ni cha mashine gani, piga picha, weka mahali mtu wa Kisumu ama Mombasa anaweza kukiona.

Tatu, kuna fundi mzee mtaani kwenu. Najua yuko. Mpelekee chai, uliza ruhusa, mrekodi. Mlipe pia, juu ujuzi si wa bure.

Mimi nimeanza. Mchoro wa bushi ya foosball nimeupost, vipimo vyote: chuma 15.9, nafasi ya unywele, na onyo la naironi kuvimba. Chini nimeandika “kipimo cha mzee wa Kariobangi”. Nimetuma nauli kwa binamu yangu, yeye anajua mtu wa kijiji hicho. Mwezi ujao tunapanda gari na daftari mbili.

Lathe imeenda. Kichwa bado kiko.